Kasha la Funguo Mbili

Weidlingsau, 9 Agosti 1908

Bwana Leonhard Pirkel,

Sidhani kama unaujua mwandiko wangu. Siku zile mlipokuwa mkikutana nyumbani kwetu, kazi yangu ilikuwa kubeba bia mpaka mlangoni na kurudi jikoni. Mimi ni Walburga, mke wa Ottmar Zeltner. Sasa ni mjane wake. Ottmar alifariki mwezi wa Februari, kifua kilimshinda. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu hapa hakuna aliyejua uko wapi. Anwani nimepewa na muuza chuma wa Nuremberg, anayesema unatengeneza vitasa vya vyumba vya meli huko Flensburg na kwamba kichwa chako kimekuwa cheupe. Nakupa pole, maana najua mlikuwa marafiki wa chanda na pete kabla hujaondoka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kasha la chama. Chama cha mafundi vitasa kimekufa, waliobaki wanafanya kazi viwandani, na kasha limebaki chini ya dirisha la sebule yangu kama mgeni aliyekataa kuondoka. Nalipangusa kila Jumamosi. Sijawahi kuona ndani yake, na wewe unajua kwa nini. Sasa mji unaandaa maonyesho ya kazi za mafundi wa zamani, yatafunguliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Mwalimu Hirsekorn, ndiye mkuu wa kamati, anataka kasha liwekwe katikati ya ukumbi likiwa wazi. Anasema kasha la aina hii likionyeshwa limefungwa ni sawa na kumwonyesha bibi harusi akiwa ndani ya gunia, kwa kuwa uzuri wake wote uko kwenye kitasa, na kitasa kiko upande wa ndani wa kifuniko.

Lakini linataka funguo mbili. Mmoja ulikuwa wa mkuu wa chama, nao ninao. Wa pili ulikuwa wa msaidizi wake, nao ulikwenda na wewe. Usipopatikana, kamati itamwita fundi wa Nuremberg mwenye keekee ya umeme alitoboe.

Ottmar hakutaka litobolewe. Siku zake za mwisho alikuwa hasemi sana, pumzi ilikuwa fupi, ila hili alilisema waziwazi: "Wasitoboe. Mwandikie Leonhard." Nilimwahidi. Kwa hiyo naandika, na naomba ufunguo.

Kama si siri, naomba pia kujua kwa nini uliondoka. Mji una hadithi zake, na hakuna hata moja inayonitosha.

Walburga Zeltner


Flensburg, 17 Agosti 1908

Bibi Zeltner,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama karakana, kisha nikafunga karakana. Nilikuwa najiambia Ottmar yupo na kwamba siku moja nitapanda treni nije tugombane vizuri, tumalize. Nimechelewa. Pokea pole zangu, na zaidi ya pole sina.

Kuhusu ufunguo, nimehama nyumba mara kadhaa na vitu vyangu vimo kwenye masanduku yasiyofunguliwa tangu zamani. Nitatafuta. Nisingependa kamati itegemee sana.

Kwa maoni yangu kasha lionyeshwe lilivyo, limefungwa. Nje yake panatosha. Wana yale maua yaliyopakwa rangi juu ya chuma, wana mikanda ya chuma iliyopishana, wana uso wa simba mbele. Watu waambiwe jambo moja tu: tundu lililo kinywani mwa simba ni la uongo. Limewekwa kumpotezea mwizi muda. Ufunguo wowote ukiingia humo hautoki kirahisi, na hakuna kinachofunguka. Matundu ya kweli yako juu ya kifuniko, yamefunikwa na vichwa vinavyosogea vya ribiti, misumari ya kuungia chuma, na havisogei kwa asiyejua. Mwambie Mwalimu asichokonoe simba.

Kwa nini niliondoka: kazi ilikuwa nyingi zaidi kaskazini.

Leonhard Pirkel, fundi vitasa


Weidlingsau, 23 Agosti 1908

Shemeji,

Nitakuita hivyo, maana rafiki wa mume ni shemeji, na shemeji ana haki ya kutaniwa. Bwana Pirkel ni jina la kwenye risiti.

Onyo lako limefika wakati simba ameshakula. Mwalimu Hirsekorn alikuja siku ya Jumatano na waya aliokunja mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kasha kama anaungama, akauingiza kinywani. Waya ukakatikia humo. Tangu hapo ukilisukuma kasha linalia kama lina njaa. Mwalimu ni mtu mwema, sema mikono yake hutangulia akili. Nilipomsomea barua yako alikuwa mwekundu mpaka masikioni, kisha akafurahi, akaniomba nimsomee tena ile sehemu ya tundu la uongo. Sasa anataka kuiandika kwenye kibao.

Mimi ndiye nimeshikwa na ugonjwa. Miaka yote hii nilikuwa napangusa tu. Baada ya barua yako nilivuta kiti nikakaa, nikalitazama kama mtu. Je, unakumbuka ubavu wa kushoto kuna bwana wa kofia yenye unyoya, na mkono wake umenyooshwa lakini kilichokuwa mkononi kimebanduka? Je, lilikuwa ua, au glasi, au alikuwa anaomba? Upande wa kulia kuna mwanamke, naye amegeuza uso. Kati yao ni yule simba mwenye tundu la uongo. Nilicheka peke yangu. Na ribiti nimezibonyeza zote, moja baada ya nyingine, kama anayekagua mayai. Hakuna iliyosogea.

Nakumbuka siku za mkutano. Nilikuwa naacha bia kwenye kizingiti, mlango unafungwa, nasikia kifuniko kikigongwa mara tatu, kisha kimya. Wanaume kumi na tano chumba kimoja, na kimya! Nyumba hii haijawahi kuwa na kimya kama kile, hata kanisani. Nilimwuliza Ottmar mnafanya nini mle, akasema tunafungua kasha. Nikamwuliza mle kuna nini, akasema karatasi na mihuri. Basi nikasema kwa karatasi na mihuri mnanyamaza hivyo? Akatabasamu. Ila mara moja, miaka mingi baadaye, tukila chakula cha jioni, alisema bila kuulizwa: "Kitu kizuri kuliko vyote katika mji huu kiko chini ya kifuniko kile, na si mimi niliyekitengeneza." Kisha akaomba viazi.

Nani basi alikitengeneza? Hapa watu wote wanaamini ni Ottmar. Mwalimu ameshaandika jina lake kwenye kadi.

Tafuta ufunguo, shemeji. Sikukuu ya Mtakatifu Martin haingoji mtu, na mimi sitaki kuitumia siku hiyo nikisikiliza keekee. Bata bukini wanaoliwa siku hiyo wanatosha kuniharibia. Tangu mmoja aliponipasua nyusi nikiwa mtoto, hatujapatana, isipokuwa wakiwa kwenye sahani na kabichi jekundu.

Walburga


Flensburg, 2 Septemba 1908

Shemeji Walburga,

Bwana wa kofia alikuwa ameshika glasi. Alipakwa rangi na mtu ambaye hakuwa fundi sana wa mikono, ndiyo maana akampa chombo cha kushika ili vidole visionekane. Mwanamke hakugeuza uso kwa maringo. Mpaka rangi hakuweza pua ya mbele.

Jina la Ottmar sitakubali libaki kwenye kadi, kwa kuwa yeye mwenyewe asingekubali. Bamba la chini ya kifuniko nilikata mimi. La zamani lililiwa na kutu baada ya mto kuingia nyumba ya zamani ya chama, ukalikuta kasha sakafuni. Chini ya bamba kuna makomeo, yamepangwa pande zote nne, na funguo zikizungushwa yote hurudi ndani kwa pamoja, kwa sauti moja. Hiyo ni hesabu tu. Bamba ndilo pambo: karatasi ya chuma iliyokatwa matundu kwa msumeno mwembamba na kuchorwa kwa patasi, ili ukifungua uone majani na ndege, na katikati ya majani uone makomeo yakitembea. Nilikata mizabibu pembeni. Nilikata ndege wanaodonoa zabibu, mmoja ameiba na anatazama nyuma. Katikati kuna nguva wawili, wanawake wenye mikia ya samaki, wameshika taji, kama ilivyokuwa kwenye lile la zamani. Nilifanya kazi hiyo kipupwe kizima, baada ya kazi za kula, na sijafanya nzuri kuliko ile.

Kimya ulichokisikia kilikuwa sheria. Kifuniko kikiwa wazi, mtu huvua kofia, hagombani, haapi, hanywi, na hasemi uongo. Ukiulizwa swali mbele ya kasha lililo wazi unajibu kweli au unatoka chamani. Ndiyo sababu tuligonga mara tatu kwanza: aliye na jambo la kuficha atoke kabla. Wengine walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba farasi hajafungwa.

Ufunguo sijaupata. Masanduku mawili bado. Naona kwamba mngeacha tu, mwonyeshe nje.

Leonhard


Weidlingsau, 8 Septemba 1908

Shemeji,

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye meza yangu.

Ukurasa wa pili wa barua yako umekuja na doa la mafuta. Kwanza nilidhani ni samaki wa moshi mnaokula huko. Nikaliweka dirishani likapata mwanga. Lina pete upande mmoja na meno upande mwingine. Nikachukua ufunguo wa Ottmar nikaulaza juu yake: urefu uleule, pete ileile, meno tofauti.

Ulikuwa umeuweka juu ya karatasi isipeperuke. Na umeupaka mafuta, Leonhard. Kitu kilichopotea kwenye masanduku hakipakwi mafuta.

Sina hasira. Kama ningekuwa na hasira nisingekuuliza, ningekwenda kumwambia Mwalimu. Nakuuliza: unaficha nini? Kama mle kuna aibu ya Ottmar, mimi ndiye niliyefua nguo zake na kumfumba macho, hakuna aibu yake nitakayoishangaa. Kama ni aibu yako, niambie, nitaibeba kwa mkono huohuo. Kama ni kwamba mwanamke hatakiwi kuona, chama kimekufa na kasha liko sebuleni kwangu, na anayelifuta vumbi ni mimi.

Fundi wa Nuremberg ameshaandikiwa. Anakuja kupima, kisha atarudi kutoboa kabla ya sikukuu.

Walburga


Weidlingsau, 4 Oktoba 1908

Leonhard,

Umenyamaza karibu mwezi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mimi niko mbali, siusikii mshindo, nasikia kimya tu.

Fundi alikuja jana. Kijana safi, ana saa ya mnyororo. Alipima kifuniko kwa rula, akasema kitasa cha namna hii hakina huruma, ni lazima apite katikati kabisa ili avikate vyuma vinavyounganisha makomeo. Akachora duara kwa chaki katikati ya kifuniko, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Nilimwuliza kitakachokuwa chini ya duara lile kitakuwaje. Akasema, "Hakitakuwapo, mama."

Anarudi tarehe ishirini na saba. Nimeiacha chaki, sikuifuta. Kila nikipita naiona.

Sijui niseme nini tena. Nilimwahidi mume wangu jambo moja tu, na ninakaribia kulivunja kwa sababu yako.

W.


Flensburg, 8 Oktoba 1908

Walburga,

Ufunguo uko ndani ya kifurushi hiki, umefungwa kwa kitambaa. Sikuuacha hata siku moja. Nilihama nao kila nyumba, mfukoni.

Chini ya duara la chaki yako, kwenye bamba langu, kuna uso. Fundi akitoboa pale, keekee itapita katikati ya macho. Nimekaa na barua yako siku nzima nikijiambia afadhali itoboe, itakuwa imekwisha. Nimeshindwa. Kwa hiyo itabidi nikuambie, na nakuambia kabla hujafungua, usije ukashtuka peke yako.

Nguva wale wawili, wa kulia nilimkata kama alivyokuwa kwenye bamba la zamani, sura ya sanamu, si ya mtu. Wa kushoto nilianza vivyo hivyo. Nilikuwa nafanya kazi karakana ya Ottmar kwa sababu msumeno mwembamba ulikuwa wake, na wewe ulikuwa unapita uani na ndoo, unaimba wimbo ambao hukuyajua maneno yake. Sikukusudia. Mkono ulifuata macho. Nilipoinua bamba kwenye mwanga ulikuwa wewe, pamoja na ile nyusi aliyoipasua bata.

Ningeweza kuisugua kwa tupa usiku uleule. Nilijidanganya. Nikasema hakuna mahali salama zaidi duniani: mwanamke hakanyagi chumba kile kasha likiwa wazi, na mafundi hutazama makomeo, hawatazami nyuso. Nilikuwa sahihi kwa wote isipokuwa mmoja. Nilisahau kwamba mahali pale ndipo mahali pekee katika mji mzima ambapo mtu akiulizwa hawezi kukwepa.

Tulifungua siku ya mkutano wa mwaka mpya. Ottmar upande wake, mimi upande wangu, wengine nyuma. Kifuniko kikainuka. Wakasifu ndege. Ottmar aliinama karibu na bamba. Kisha akaniuliza polepole, hakuna aliyesikia ila mimi:

"Huyu ni nani?"

Kofia yangu ilikuwa mkononi. Nikasema, "Unamjua."

"Na yeye anajua?"

"Hajui lolote. Hajawahi kunitazama zaidi ya anavyomtazama anayekuja kuchukua bia."

Akakitazama tena kifuniko. Akasema, "Ni mzuri. Tufunge." Tukafunga. Hakunigusa, hakunifukuza. Alinishika bega wakati wa kutoka, akaliacha. Kesho yake nilipanda treni, kwa sababu nisingeweza kuja kula kwenye meza yenu tena nikiwa nimeshayasema yale mbele ya kasha. Nilichukua ufunguo ili asilazimike kuuona uso ule kila mwaka. Nilidhani namfanyia hisani. Nilidhani pia ananichukia, mpaka ulipoandika aliyoyasema akiomba viazi.

Sasa sikiliza namna ya kufungua. Kutoka kwenye bawaba, hesabu ribiti ya tatu, upande wa kulia na wa kushoto. Usibonyeze katikati yake. Bonyeza ukingo ulio karibu nawe, kisha sukuma kuelekea bawabani. Ufunguo wa Ottmar kulia kwanza, nusu mzunguko, uache. Wangu kushoto, mzunguko kamili. Kisha rudi kwa wa Ottmar umalizie. Utasikia sauti moja. Kifuniko ni kizito, kiegemeze ukutani, na usiweke vidole kati.

Ndani, ubavuni, kuna tupa ndogo kwenye ala ya ngozi. Ni yangu, niliisahau. Kama hutaki mji ukuone, shika tupa wima, anza na nyusi, shuka mdomoni. Chuma ni laini pale. Kwa mkono wako haitachukua muda. Bamba litabaki zuri, watu watadhani amechakaa. Una ruhusa yangu, na hutakuwa umeniharibia kitu ambacho sikuwa nimekwisha kukipoteza.

Leonhard Pirkel


Weidlingsau, 14 Oktoba 1908

Leonhard,

Naandika sebuleni, kiti kimesogezwa mpaka kwenye kasha, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mkate. Kifuniko kiko wazi. Nimevua kilemba cha kichwa kwa kuwa sina kofia. Kabla ya kufungua niligonga mara tatu, na kwa kuwa sikuwa na farasi wa kwenda kumfunga, nilibaki. Kwa hiyo utakayoyasoma hapa ni kweli yote, na yakikuuma uyalaumu masharti yenu.

Sauti ile umeielewa vibaya, au umeizoea. Si moja. Ni moja ndefu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kuizuia sana. Nilidondosha machozi kabla hata sijaona kitu.

Nimeanza na ndege, makusudi, nikijichelewesha. Yule mwizi wa zabibu anayetazama nyuma nampenda. Mizabibu nimeifuata kwa kidole kutoka pembe mpaka pembe. Nguva wa kulia ni sanamu kweli, hata paka asingemwogopa. Kisha nikamtazama wa kushoto.

Ni mimi. Si mimi wa kioo cha leo, ni yule wa ndoo. Nyusi umeipatia, hata ule upande ambao nywele ziligoma kuota. Nina lawama mbili. Ya kwanza, umenipa mkia mnene. Ya pili, umenifunga mdomo, na wewe mwenyewe umesema nilikuwa naimba. Fundi wa kukata ndege aibaye zabibu angeshindwa mdomo ulio wazi? Au uliogopa ningesema kitu?

Nikatoa tupa kwenye ala. Nilitaka kujua mkono wangu utafanya nini. Niliishika wima, kama ulivyosema. Nikakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikairudisha.

Sasa ya kweli. Nilimpenda Ottmar. Nililala karibu naye na nikamzika, na nikimwota naamka vizuri. Kifuniko kiko wazi na hilo halijabadilika. Sikuwahi kukutazama zaidi ya anayekuja kuchukua bia, na hilo pia ni kweli, pole. Lakini tangu Agosti nimekuwa nasikiliza viatu vya mleta barua kutoka kona ya mwokaji. Barua zako nazisoma mara moja kwa ajili ya kasha na mara ya pili kwa ajili yangu. Mwezi ule ulionyamaza nilikuwa nasema nina wasiwasi na keekee. Sikuwa na wasiwasi na keekee peke yake.

Jingine. Umekaa huko miaka yote ukiamini rafiki yako alikuchukia. Ottmar alikuwa anaweza kuagiza ufunguo mwingine utengenezwe. Alikuwa fundi vitasa, Leonhard, na mkuu wa chama! Angepima tundu asubuhi na jioni angekuwa nao. Hakufanya. Alipoulizwa na mafundi wenzake, aliwaambia mwenye ufunguo yuko safarini. Nilimsikia mimi mwenyewe nikiwa mlangoni na bia, na nikashangaa safari gani hiyo isiyoisha. Na mwisho kabisa, pumzi ikiwa haitoshi hata kuomba maji, aliniachia sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kasha. Ya pili ilikuwa jina lako. Nilidhani zote mbili ni za kasha.

Mwalimu Hirsekorn amepita hapa sasa hivi, nikamfungulia mlango nikiwa kichwa wazi kama mwendawazimu. Ameona kifuniko. Alitazama nguva, akanitazama mimi, akaniuliza kama ningependa pazia. Nimemwambia hapana. Acha mji uone. Nina umri ambao kutazamwa ni hisani. Kadi ya Ottmar ameichana na ataandika jina lako. Fundi wa Nuremberg ameandikiwa asije, na chaki nimeifuta.

Ila sikiliza. Nikimaliza barua hii nalifunga kasha. Nalifunga kwa funguo zote mbili, kama sheria inavyotaka. Kisha wako naubakiza, na wa Ottmar naufunga kwenye kitambaa chako nakutumia wewe. Usinirudishie kwa posta, sitaupokea, nimeshamwonya mleta barua. Kasha la chama hufunguliwa wenye funguo wawili wakiwa wamesimama, mmoja kulia na mmoja kushoto. Chama kimekufa lakini wenye funguo tuko hai. Siku ya Mtakatifu Martin ukumbi utajaa, kasha litakuwa katikati limefungwa, nami nitakuwa nimesimama upande wa kushoto. Mwalimu ameniuliza itakuwaje. Nimemjibu kama Ottmar alivyokuwa akiwajibu wenzake: mwenye ufunguo yuko safarini.

Nimeyasema hayo kifuniko kikiwa wazi. Usinifanye mwongo.

Walburga


Kadi ya posta. Würzburg, stesheni, 10 Novemba 1908

Walburga,

Nabadilisha treni hapa. Kadi hii na mimi tutafika siku moja, huenda yenyewe ikatangulia. Ufunguo wa Ottmar uko mfukoni, mahali ulipokuwa ukikaa wangu.

Nitasimama kulia kwako. Kofia nitakuwa nimeivua. Tukishainua kifuniko, usiniulize usilotaka kulisikia, kwa maana nitajibu, na ukumbi wote utasikia.

Ukitaka, uliza.

Leonhard